Mguu wa Kushoto ni wa Stima

Nilipotoka eda ya Hamisi, watoto walikaa kikao bila kuniita wakaamua nyumba itiwe nyaya mpya. Zile za zamani zilikuwa kazi ya mkono wa baba yao, na mimi nilizipenda zilivyopita juu ya boriti, zimebanwa na vibanio alivyovikata mwenyewe. Lakini mjane mpya habishani na watoto waliokwisha kununua vifaa. Basi akaletwa fundi kutoka Ukunda, msichana wa bara aitwaye Achieng', suruali yake ina mifuko hadi magotini na kila mfuko una bisibisi. Kazi alifanya nzuri, sina neno. Alipomaliza aliniita jikoni akanionyesha soketi mpya karibu na sinki, ina vitufe viwili vidogo katikati. "Shosho," akaniambia, maana watu wa bara neno bibi haliwatoki, "hii ikisikia stima inapita mahali haifai, inajikata yenyewe. Lakini lazima uwe unaitesti, usiiache tu hapo ukutani. Nikufundishe?" Nikamwambia, nifundishe, mama. Akabonyeza kitufe, kikalia ta, akanitazama aone kama nimeshtuka. "Umemaliza?" nikamuuliza. "Nimemaliza, iko sawa." Nikamwambia, "Sasa taa iko wapi?" Akacheka mpaka akashika kiuno. Akatoa taa ya mezani kwenye mkoba wake, akaichomeka, ikawaka, ndipo akabonyeza tena, nayo ikazimika. "Hata sisi chuoni tulifundishwa hivyo," akasema, "nilitaka kukurahisishia tu. Wewe nani alikufundisha?" Nikafungua mdomo nimjibu, machozi yakanitangulia, na yule mtoto wa watu akabaki amesimama na taa yake mkononi hajui alichonikosea.

Hajanikosea kitu. Aliyenifundisha ni Hamisi, na aliyenishikilia nisisahau ni mavyaa wangu, mama yake, Bi Mejumaa, mwaka nilioolewa hapa Diani. Ulikuwa mwaka wa pili tangu bendera mpya ipandishwe. Ya kwetu Kinango na ya jinsi nilivyokutana na Hamisi nitayaacha, hayana ajabu. Nitaanza na nyumba, kwa sababu nyumba ndiyo iliyonipa taabu. Ilikuwa ya udongo na makuti, nyuma ya ukuta wa hoteli ya wazungu ambako Hamisi alikuwa fundi wa stima. Vyumba vitatu na ukumbi katikati, na kuta zake hazikufika juu; ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, halafu juu ni uwazi mtupu mpaka kwenye makuti. Ukikohoa chumba hiki unaambiwa pole chumba cha tatu. Bi arusi ndani ya nyumba kama ile hujifunza kunong'ona na hujifunza kusikia, na mimi cha pili nilikijua upesi kuliko cha kwanza.

Wenzangu waliolewa kwa bangili, mimi niliolewa kwa balbu. Nilikuwa nimesoma kidogo, nikamwambia Hamisi wakati wa posa kwamba sitaki dhahabu, nataka taa ninayoweza kushonea na kusomea, na pasi isiyonitia majivu kwenye nguo. Akamwomba meneja, meneja akakubali avute waya kutoka jenereta ya hoteli upite juu ya ukuta hadi kwetu. Nilivuka kizingiti cha nyumba ile wiki ileile stima ilipovuka. Na Bi Mejumaa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya shamba, hakuwa akiitaka stima hata kidogo. Mbuzi wake aliyempenda alikuwa ameingia siku moja mahali wanapofulia nguo za hoteli, akakanyaga sakafu yenye maji, akagusa mashine yenye waya uliochubuka, akaanguka hapohapo. "Hakulia," alikuwa akisema kila mara akihadithia. "Mbuzi hata akichinjwa hulia. Kile kitu hakikumpa nafasi." Hamisi hakumbishia mama yake. Alikwenda stoo ya hoteli akaomba swichi ya kinga iliyokuwa imetolewa walipoweka kubwa zaidi, akaifunga ukumbini karibu na mlango wa nyuma.

Kilikuwa kisanduku cheusi chenye mkono mmoja wa swichi na kitufe chekundu chini yake. Ndani yake mlitoka waya uliopita chini ya mlango hadi uani, ukafungwa kwenye fimbo ndefu ya chuma iliyopigwa ardhini. Nilimwambia Hamisi anieleze kama anavyomweleza mtu asiyejua, akanieleza mbele ya mama yake, nasi tumeketi juu ya mkeka tunakula muhogo wa nazi. Stima ikitoroka njia yake, alisema, ikashika bati la pasi au la birika, kuna waya wa tatu unaoichukua kuipeleka kwenye kile chuma. Ikipita kwenye kisanduku, inaangusha swichi, na nyumba nzima inakatika kabla mtu hajadhurika. "Na kisanduku kikilala?" akauliza mavyaa. "Ndiyo maana kina kitufe, mama. Kitufe kinaitorosha stima kidogo kwa makusudi, tuone kama kisanduku kiko macho." Bi Mejumaa akatafuna muhogo wake polepole. "Basi kila Ijumaa nitakiona kikiwa macho," akasema. "Siku kitakapolala, stima inatoka humu ndani."

Chuma chenyewe kilipigwa mahali pamoja tu palipokubali. Kwingine kote uani nyundo iligonga jiwe la matumbawe ikaruka, mpaka Hamisi akajaribu pembeni mwa jiwe bapa ambalo mama yake aliketi kutawadha. Pale mchanga ulikuwa laini, kikazama chote kikabaki kichwa. Bi Mejumaa alinung'unika siku mbili tatu kwamba amewekewa jirani asiyemtaka, kisha akakizoea, akawa anatundikia tasbihi yake kwenye kile kichwa cha chuma wakati akiosha miguu.

Ijumaa ikawa ina mambo yake. Wanaume wakirudi msikitini, tukisha kula wali na samaki wa kupaka, mavyaa anaketi kwenye kiti chake ukumbini, na jirani yetu Bi Riziki anakuja na kashata zake asikose tamasha. Hamisi Ijumaa huwa kazini, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. Alikuwa amenifundisha vizuri, na masharti yake yalikuwa makali kuliko ya mama yake. Navaa ndala kavu, nakausha mikono. Nachomeka taa kwenye soketi, iwake watu waione, kwa sababu mlio peke yake si ushahidi. Swichi inaweza kulia na stima ikabaki palepale. Ndipo nabonyeza. Ta, taa inazimika. Nainua mkono wa swichi, taa inawaka. Halafu naichukua balbu ya majaribio, aliyoitia nyaya mbili zenye vishikio vya mbao, napita nayo soketi moja baada ya moja: ncha moja tundu la stima, ncha nyingine tundu la waya wa ardhini. Nikigusa tu, swichi lazima ianguke. Soketi ambayo haikuangusha swichi, hata kama inawasha taa vizuri namna gani, haichomekwi kitu. "Haya, mkaza mwanangu," mavyaa alikuwa akisema, amekunja miguu, "iue tuone." Hivyo ndivyo alivyoiita kazi ile, kuiua stima. Nikiiua alikuwa anashusha pumzi, anasema alhamdulillahi, Bi Riziki anagawa kashata.

Ningesema alinipenda tangu hapo ningekuwa mwongo. Alinistahamili. Neno lake kubwa dhidi yangu lilikuwa maji. Sisi watu wa Kinango maji tunayajua kwa sura. Unayafuata mbali, unarudi nayo kichwani, na hakuna tone linalomwagika bila kazi. Hapa Diani kisima kilikuwa karibu, na Bi Mejumaa alitawadha kama mvua ya masika, anajimwagia kata juu ya kata mpaka jiwe zima linalowa na mchanga unafanya kidimbwi. Mimi kopo moja lilinitosha. "Huyu anaoga au anajipaka maji?" alimuuliza Bi Riziki, nami nipo palepale. Maji niliyooshea mchele nilikuwa nayapeleka nyuma ya banda la jiko, ambako nilipanda mchunga kwa mbegu nilizokuja nazo zimefungwa kwenye ncha ya leso. Mchunga ni mboga chungu, na mtu asiyezaliwa nayo hujiuliza kwa nini watu wanajitesa. Mavyaa alionja mara moja akatema kwa adabu kwenye kiganja. "Mwanangu ameniletea mke anayekula dawa," akasema. Nilicheka nao. Lakini jioni ile nilikuna nazi nimewapa mgongo.

Kisha ikaja kaskazi, joto likapanda, majani ya miembe yakajaa vumbi. Adhuhuri moja nimejilaza chumbani, Hamisi amekuja kula mara moja, nikawasikia ukumbini. Mavyaa alidhani nimelala. "Sisemi mbaya wake," alikuwa akisema, kwa ile sauti yake aliyodhani ni ya chini. "Ana adabu, hana mdomo. Lakini hatuna mazungumzo, Hamisi. Namwona kama mgeni anayengoja gari. Ya nini kumtesa mtoto wa watu? Mtafutie chumba Ukunda, aende na stima yake akae kwa raha. Wameingia pamoja, watoke pamoja." Chumba cha Ukunda kilikuwa kile alichokaa Hamisi kabla hatujaoana, chumba cha wapangaji, na yeye alikuwa mtoto pekee wa mama yule; nilijua akihama nami atakuwa amemwacha mama yake peke yake, na akibaki mimi nitakuwa nimeachwa nusu. "Tungoje kaskazi iishe, mama," akasema. "Tungoje," akajibu. Nikalala pale nikiyatazama makuti, najua sasa kwamba nina muda wa msimu mmoja, na baada ya hapo sina kwangu.

Nikazidisha bidii kwa namna ya kijinga ya watoto wa kike. Nikafagia uani mara mbili, nikajifunza kupika mahamri yakafura, nikamwamkia shikamoo hata nikimkuta mara ya tatu kwa siku. Yeye akazidi kunitazama tu. Kitu kimoja tu kilinifariji: mchunga wangu. Katika ukame ule ambapo hata mchicha wa Bi Riziki ulinyauka, mchunga wangu nyuma ya jiko ulikuwa umenawiri, majani mapana, kijani kibichi. Nikadhani ni ukaidi wa mmea wa kwetu. Nilikuwa nikiuchuma nikiusemesha, nikiuambia angalau sisi wawili tumeshika mizizi.

Ndipo ikafika Ijumaa ile. Watu wamekula, Bi Riziki ameketi na kashata zake, mavyaa amekunja miguu. Nikachomeka taa, ikawaka. "Haya, iue tuone." Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, nikashikilia mpaka kidole kikaniuma, taa inawaka tu, inatutazama. Nikachukua balbu ya majaribio nikajaribu soketi. Hata yenyewe haikuwaka, na swichi haikutikisika. Nikazima swichi kwa mkono, nikachomoa kila kitu, kama nilivyofundishwa. Bi Riziki akafunika kashata kwa leso, hakumpa mtu. Mavyaa hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Kimelala." Kisha akasema, "Hamisi akirudi atakata waya. Na lile neno letu litakwisha." Hakujua kwamba neno lao nalijua.

Hamisi alirudi akafungua kisanduku, akapuliza vumbi, akasugua kutu. Kimya. Akakimbia hotelini akaazima kingine kizima, kilichokuwa kikifanya kazi asubuhi ileile, akakifunga. Akabonyeza. Kimya. Alikaa chini sakafuni, mtu mzima, ametapakaza bisibisi zake, ananitazama kama mimi ndiye fundi. "Si kisanduku," akasema. "Basi ni waya, au ni kile chuma. Lakini chuma hakiharibiki." Mavyaa akajibu kutoka chumbani kwake, juu ya ukuta, "Kesho alasiri. Zaidi ya hapo silali na kitu hicho."

Kesho yake Hamisi alipokwenda kazini nilitoka uani nikafuata waya kwa vidole. Ulikuwa mzima mpaka kwenye chuma, na kifungo chake kimekaza. Nikapiga magoti pale kando ya jiwe la kutawadhia. Mchanga ulikuwa mweupe. Nikauchota, ukapita katikati ya vidole kama unga wa mahindi; nikachimba kwa kijiko hadi kifundo cha mkono, mkavu, nikachimba zaidi, mkavu. Ukavu ule naujua mimi, nimezaliwa nao. Na mara nikaelewa maneno ya Hamisi ya siku zile za mwanzo, kwamba ardhi ikikauka stima haina pa kwenda. Lakini hapa palikauka vipi? Hapa ndipo mwanamke yule alipokuwa anamwaga kisima kizima. Nikaingiwa na hofu nyingine, kwamba mama wa watu labda ni mgonjwa, haswali tena, na sisi hatujui.

Nikakaa jikoni kumngoja. Si adabu kumchungulia mavyaa wako akitawadha, nami sikuwahi kufanya hivyo, lakini siku ile nilichungulia kati ya makuti ya banda. Adhana ya adhuhuri ikaita. Bi Mejumaa akatoka na kata yake na beseni. Hakwenda kwenye jiwe. Aliketi kwenye kibao upande wa pili, akaliweka beseni chini ya mikono, akatawadha kwa maji machache, kwa uangalifu, na kila lililodondoka likaingia beseni. Alipomaliza mguu wa kushoto alijiinua kwa taabu, akalibeba beseni lile kwa mikono miwili, akapita nyuma ya banda, karibu nami hata ningeweza kumgusa leso. Akainama kwenye mchunga wangu. Akamwagilia shina moja moja, asiruke hata moja, akiusemesha. "Kunyweni," alikuwa akisema. "Kunyweni, mwenzenu asije akasema hapa ni ugenini." Nilijiziba mdomo kwa kanga. Si mmea wa kwetu uliokuwa mkaidi.

Sasa nikawa na shida nisiyoijua. Nikimwambia Hamisi chuma kimekauka kwa sababu mama ameacha kulowesha, nitakuwa nimemvua nguo mama mbele ya mwanawe, na lile jambo alilolifanya kwa siri lisijulikane litakuwa ndilo kosa. Nikinyamaza, alasiri waya unakatwa, na mimi natoka nao. Niliwaza hivi na hivi mpaka wali ukaungua. Alasiri Hamisi akaja na koleo lake, mavyaa akaketi kwenye kiti, na Bi Riziki, ambaye hakualikwa, akaja. Mimi nikachukua debe nikaenda kisimani, nikarudi nalo limejaa kichwani, nikapita katikati yao wote ukumbini, nikatoka uani, na mimi niliyezoea kuhesabu matone nikalimimina debe zima juu ya kile chuma. Nikarudi kisimani nikaleta la pili, nikamimina.

"Weye!" Bi Mejumaa alikuwa amesimama mlangoni. "Una wazimu? Maji yote hayo unayatupa?"

Naona yeye mwenyewe aliyasikia maneno yake. Bi Riziki akageuza uso ukutani, mabega yanatikisika. Mimi nikasema tu, kwa heshima, "Mavyaa, chuma kilikuwa na kiu," nikamwambia Hamisi achomeke taa. Akaichomeka, ikawaka. Akabonyeza. Ta, ukumbi ukawa na kivuli. Akainua, akabonyeza, ta. Nikapita soketi zote kwa balbu yangu, na kila moja ikaiangusha swichi kama inavyotakiwa. Hamisi alikuwa anacheka, anaulizauliza, "Lakini kilikaukaje? Mama, si unatawadha pale?" Mimi na mavyaa tukatazamana. Hatukuwahi kutazamana vile. "Ni kaskazi," nikasema. "Ni kaskazi," akasema naye.

Jioni mavyaa alikula mchunga. Hakuupenda, aliumeza na tonge kubwa za sima, lakini aliumaliza uliokuwa kwenye sahani yake. Nikaenda chumbani kutandika, nikamsikia Hamisi akiuliza ukumbini, taratibu, kuhusu kile chumba cha Ukunda, kwamba mwenye chumba anataka jibu. "Chumba gani?" akasema Bi Mejumaa, na safari hii hakujisumbua kushusha sauti, alijua nasikia. "Mkeo akienda Ukunda, mboga yake nitaimwagilia mimi mpaka lini? Nina miguu mibovu." Nikakaa kitandani nikalia kimyakimya, maana kuta hazikufika juu, na nina hakika alinisikia pia.

Toka siku ile mwanamke yule aligawa udhu wake. Alikuwa anaanza kwenye kibao na beseni, mikono, uso, mguu wa kulia, maji hayo ni ya mchunga. Kisha anahamia kwenye jiwe, anatundika tasbihi kwenye chuma, na mguu wa kushoto anauoshea pale, kwa kata mbili nzima. "Wa kushoto ni wa stima," aliniambia siku moja, kana kwamba ni jambo lililomo kwenye vitabu. Aliishi nasi miaka mingi, na Ijumaa zote hizo aliketi kwenye kiti chake nikaiua stima mbele yake. Hata nyumba ilipojengwa upya kwa mawe na bati, Hamisi alikiacha kile chuma palepale, akaweka vyuma vingine virefu kando ya msingi kwa ajili ya stima mpya.

Haya yote nilimwambia Achieng' siku ile jikoni, si kwa urefu huu. Alisikiliza huku akikunja waya wake. Akaenda uani akatazama kichwa cha chuma kando ya jiwe, akakigusa kwa kiatu. "Lakini shosho, hiki siku hizi hakijaungwa na kitu. Hata ukikiacha kikauke hakuna kitakachoharibika." Nikamwambia najua, mwanangu, mume wangu ndiye aliyekifungua waya. Akainama, akashika mchanga wa pale, akanitazama. Ulikuwa umelowa. Adhana ya alasiri ilikuwa imetoka si kitambo, nami mguu wa kushoto nilikuwa nimeshauoshea pale.